Vidole vya Kocha

Hajafa.

Nalisema mapema kwa sababu wiki nzima mmenikosesha raha. Wakili vipi, Wakili kafa, mwandishi gani wewe unamwacha mtu na chuma kifuani halafu unaenda zako kulala. Jamani, Wakili hajafa. Kaishiwa pumzi tu, macho yamemtoka pima, na miguu inarusha mateke hewani.

Wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, karibu, jisogeze. Kocha ni mwanamke anayefundisha watu mazoezi, mteja mmoja mmoja, kwa miadi. Wakili ni mteja wake wa asubuhi, bwana mwenye kitambi na maneno. Alikuwa amelala chali kwenye benchi, anasukuma chuma juu kama afanyavyo kila wiki. Kocha kasimama nyuma ya kichwa chake, vidole viwili viwili vya kila mkono chini ya chuma. Simu ikalia. Kocha akaondoa vidole aipokee. Chuma kikashuka kizima kizima.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa twende.

"To... toa!"

Kocha alibwaga simu sakafuni, akakidaka chuma kwa mikono yote miwili, akakivuta. Kikapanda, kikaingia kwenye ndoano zake kwa kishindo, mpaka watu waliokuwa wanakimbia kwenye mashine wakageuka.

Wakili akakaa. Akakohoa. Akapapasa mbavu zake moja baada ya nyingine.

"Zote zipo?" Kocha akauliza.

"Zipo. Kuna kingine ndicho hakipo." Alimkazia lile jicho analowatolea mashahidi waongo. "Uzito huu mimi nausukuma kila wiki. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na kila wiki unanipigia kelele, 'Ni wewe huyo! Peke yako! Mimi sijagusa!' Si ndiyo?"

Kocha akavitazama vidole vyake.

"Leo ndiyo hujagusa kweli. Na leo ndiyo nusura nizikwe na bukta."

Hapo sasa niwape siri ambayo Kocha hajawahi kumwambia mtu, wala mumewe alipokuwa na mume.

Mteja akishindwa kuinua, wiki ijayo haji. Atakwambia ana mafua, atakwambia kuna msiba, ndiyo basi tena. Lakini mteja akiinua, anarudi, tena anamleta na shemeji yake. Kwa hiyo Kocha alianza kidogo kidogo. Kidole kimoja chini ya chuma, pale mteja anapotetemeka, kumwondolea aibu. Kikawa viwili. Kelele za "peke yako" zikapanda kadiri vidole vilivyozidi kubeba. Mteja anashuka benchini kifua mbele, anajipiga picha, anamtumia mchumba. Na Kocha ndiye kila jioni alikuwa anajikanda mabega, maana vyuma vya mji mzima alikuwa anainua yeye.

Kosa dogo, utasema. Anaumia nani?

Pale sakafuni simu ilikuwa bado inaongea.

"Kocha? Kocha! Kelele za nini hizo? Unanisikia?"

Alikuwa ni Mshonaji. Huyu mnamjua, ila nawakumbusha: mteja wa Kocha wa jioni, kitindamimba kwao, anashona nguo chumba cha mbele na kumuuguza mama yake chumba cha nyuma. Mama aliteleza kwenye ngazi za nyumba ya mwanawe wa kwanza, ndoo mkononi, nyonga ikavunjika. Akapasuliwa, mfupa ukaunga, daktari akasema miguu itarudi yenyewe. Haikurudi. Mpaka leo Mama ni wa kunyanyuliwa: kitandani, kwenye kiti cha magurudumu, bafuni, kitandani tena.

Kwanza jirani alikuwa anasaidia upande mmoja. Jirani akahama. Na Kaka mkubwa akaja juu: Mama hawezi kukaa na mtu asiyeweza hata kumsimamisha, Mama arudi kwake. Mama akalia siku nzima, hataki. Ndipo Kaka akatoa sharti lake. "Siku nitakapokuona kwa macho yangu unamtoa Mama kitandani mpaka kitini, wewe mwenyewe bila msaada wa mtu, sitasema neno tena."

Ndiyo maana mshonaji asiye na mpango wowote na urembo wa mabega akajiandikisha kufanya mazoezi ya kuinua vyuma.

"Nakusikia," Kocha akasema, kapiga magoti sakafuni. "Kuna nini?"

"Kaka kaja! Hakungoja hata siku tuliyopatana. Kaja na wifi, kaja na gari, godoro limeshatandikwa nyuma ya gari. Nimemwambia tulia, kaa hapo kwenye kochi, uone kazi. Namnyanyua Mama sasa hivi."

Kocha akainuka na simu sikioni.

"Usimnyanyue."

"Nini? Sikusikii, gari la Kaka linanguruma hapa..."

"Nimesema usimnyanyue! Ningoje mimi nije!"

Mshonaji akacheka. Kicheko cha mtu aliyeshiba imani. "Wacha woga, Kocha! Juzi si nimenyanyua mzigo unaomzidi Mama uzito? Si wewe mwenyewe uliyeshuhudia, peke yangu? Haya, niombee."

Simu ikakatwa.

Kocha alipiga tena. Ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Hakuna.

Ninyi mnaona kinachomjia. Mwanamke mwembamba anamkumbatia mama yake mwenye nyonga iliyowahi kuvunjika, anampandisha nusu ya safari, halafu vile vidole vilivyokuwa vinambebea mzigo havipo. Akianguka Mama, ule mfupa haushoneki mara ya pili.

"Una gari?" Kocha akamuuliza Wakili.

"Nina kesi, si gari. Kesi dhidi yako."

"Utanishtaki njiani. Inuka!"

Sijui ni sauti ile au ni mazoea ya kuamrishwa kila asubuhi. Wakili aliinuka.

*

Wakili anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili kashika mbavu. Bukta fupi, shati halijafungwa vifungo. Kocha pembeni anapiga simu isiyopokelewa.

"Kwa hiyo mimi siinui kitu," Wakili akasema.

"Unainua. Ila si kile."

"Nimewaambia watu kazini."

"Najua."

"Nimemwambia hakimu, Kocha! Nimemwambia hakimu uzito ninaousukuma, akanipa mkono!"

"Angalia mbele, kuna mtu anavuka!"

Breki. Tairi zikalia. Mwenye kuvuka akawatukania ukoo mzima, na alikuwa na haki yake.

"Sikiliza," Kocha akasema. "Wewe nimekudanganya, umeumia mbavu, utapona. Yule nimemdanganya, na anayeumia ni mama yake. Nikimwahi, namwambia ukweli wote mbele ya watu wote. Sitamshikia mtu tena maisha yangu. Naapa."

"Unaapa mbele ya wakili. Hilo nalikumbuka."

"Likumbuke. Kanyaga mafuta!"

Wakili akakanyaga. Wakakata kona, wakakata ya pili, na ya tatu wakakutana na foleni imesimama, magari yamebanana mpaka mwisho wa macho, lori limekatika ekseli katikati ya barabara na dereva wake amekaa kivulini anakula.

Kocha hakuaga. Alifungua mlango, akashuka, akakimbia.

Mnajua Kocha anawaambiaje wateja wake wakikimbia? "Pumua kwa pua, legeza mabega, tabasamu." Siku hiyo alipumua kwa kila tundu alilonalo. Alipita katikati ya magari, akaruka mtaro, akagonga meza ya muuza soksi, akasema samahani akiwa ameshafika mbali. Kichwani lilikuwa jambo moja tu: Mama asianguke, Mama asianguke.

*

Mlango wa Mshonaji ulikuwa wazi. Chumba cha mbele kitupu, cherehani imeachwa na nguo nusu chini ya sindano, simu juu ya vipande vya kitambaa. Kocha akapita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma.

Akawakuta hivi, kwa bahati wamechelewa, maana Mama alikuwa ameng'ang'ania wageni wanywe chai kwanza.

Mama kakaa ukingoni mwa kitanda, miguu inagusa sakafu, kiunoni kafungwa mkanda mpana wa turubai. Mkanda huo Mshonaji aliushona mwenyewe, na vishikio: viwili ubavuni, kimoja mgongoni. Kiti cha magurudumu kiko pembeni. Kaka kwenye kochi, viatu vinang'aa, mikono kifuani. Wifi kasimama na begi tupu la kuwekea nguo. Na Mshonaji kainama mbele ya mama yake, magoti yamekunjwa vizuri, mgongo umenyooka, kila kitu kama alivyofundishwa. Keshashika vishikio vya ubavuni.

"Kocha!" Uso ukamchanua. "Umekuja kuniona! Kaka, huyu ndiye mwalimu wangu. Muulize yeye!"

Macho yote yakamgeukia.

"Shikamoo, Mama," Kocha akasema, anahema.

"Marahaba, mwanangu. Unafukuzwa?"

Sasa ndipo pa kusema. Kiapo bado cha moto. Aseme, Mshonaji aachie, Mama abaki salama. Lakini hapohapo Kaka atainuka, atampakia Mama kwenye gari mbele ya huyu binti aliyejitesa na vyuma miezi yote hiyo, na Mama atalia njia nzima. Kocha alifungua mdomo. Akamwona Mama anamtazama bintiye. Mdomo ukafungwa.

Akafanya nini?

Mnaomjua mmeshajua.

"Mto huu umekaa vibaya, utamkwaza," akasema, akapanda kitandani kwa goti moja nyuma ya Mama, akajifanya anausogeza. Na mkono wake wa kuume ukapita chini ya shuka, vidole viwili vikaingia kwenye kishikio cha mgongoni.

Narudia kusema, mwanamke huyu ananiudhi. Lakini ningekuwa mimi, sijui.

"Haya," akasema kwa sauti ya kazini. "Vuta pumzi. Sukuma sakafu. Juu!"

Mshonaji akanyanyua.

Kocha alikuwa amejiandaa. Bega limekaza, meno yameumana, anangoja ule uzito uje kwenye vidole kama unavyokuja kila jioni. Haukuja.

Mama alipanda. Akapanda laini, bila kusitasita, na kile kishikio cha mgongoni kikabaki kimelegea vidoleni mwa Kocha. Mzigo haukuwepo. Na vidole vile, wasomaji wangu, vinajua mzigo kama ulimi unavyojua chumvi. Mshonaji peke yake hawezi kumwinua Mama hivi. Kocha hakubeba chochote. Sasa nani anabeba?

Akatupa jicho chini.

Visigino vya Mama vilikuwa vimekanyaga sakafu sawasawa. Vidole vya miguu vimetanuka. Na kwenye mashavu ya miguu, ile miguu iliyokataa kurudi, msuli umesimama. Tena si msuli wa jana. Kocha amewaona watu wakiutafuta msuli ule mwaka mzima wasiupate.

Mama alikuwa anasukuma.

Mshonaji akamgeuza mama yake taratibu, akamkalisha kitini. Kisha Mshonaji akarusha mikono juu akalia machozi hapohapo. "Nimeweza! Mama, nimeweza!"

Kaka akainuka. Akajifuta uso kwa kiganja. Hakuwa mtu mbaya, Kaka, nisije nikamwonea. "Mdogo wangu," akasema, "nilisema na narudia. Sina neno."

Na ingeishia hapo, tena vizuri, kama mlangoni kusingetokea sauti.

"Vidole!"

Ni Wakili. Bukta, shati wazi, kashika mbavu, jasho linamtiririka. Gari kaliacha huko huko kwenye foleni, akamfuata Kocha kwa miguu. "Nimekuona! Umetoa mkono kwenye mkanda sasa hivi! Umeapa garini, hujafika hata nusu saa, umeweka vidole tena!"

"Huyu nani?" Kaka akauliza.

"Mimi ni wakili."

"Mmeleta wakili?" Wifi akamgeukia Mshonaji, mkono kiunoni. "Wifi yangu, tumefikishana huko?"

"Sijamleta mtu mimi! Simjui!"

"Wakili mwenye bukta?" Kaka akasema.

Wote wakawa wanaongea kwa pamoja, nyuso mlangoni. Na katika dakika hiyo hakuna aliyekuwa anamtazama Mama isipokuwa Kocha, aliyeinama kumwekea miguu vizuri kitini. Mkono wa Mama ukamshika kifundo cha mkono. Mkono wa mgonjwa hauna nguvu zile.

"Umejua," Mama akanong'ona.

"Unaweza kusimama."

"Naweza."

"Mama! Sasa kwa nini..."

"Shh. Nikipona, anakuja kunichukua. Kule kwake ndoo inaningoja, ngazi zinaningoja, watoto wake wananingoja niwapikie. Miaka mingapi nimesugua ngazi zile? Mpaka zikanivunja. Nikaugua, ndiyo kwanza nikapumzika." Machozi yakamlengalenga. "Usimwambie. Na huyu wa kike usimwambie, ataumia. Nakuomba, mwanangu."

"Kocha!" Sauti ya Mshonaji sasa ilikuwa tofauti. Kelele zilikuwa zimekwisha na Wakili alikuwa ameshasema yake yote: benchi, chuma, mbavu, hakimu. "Kocha, huyu bwana anasema nini?"

Kocha akasimama.

"Anasema kweli."

"Kweli ipi?"

"Nilikuwa nakushikia. Kila jioni. Ulipokuwa unanyanyua, mimi nilikuwa nyuma nabeba nusu, halafu nakwambia ni wewe peke yako. Na sasa hivi nilikuwa nimeshika mkanda."

Mshonaji hakulia. Bora angelia. Alizitazama kwanza zile sugu mpya za viganjani, akamtazama Kocha.

"Nilikuwa naringa," akasema taratibu. "Nikirudi nyumbani nilikuwa namwambia Mama, leo nimeongeza sahani nyingine ya chuma. Tunacheka wote. Kumbe unanichezea shere."

"Sikukuchezea. Nilitaka usikate tamaa."

"Ungeniambia sina nguvu, ningezitafuta!"

Wakili alianza kufunga vifungo vya shati.

Kaka akakohoa. "Mdogo wangu, mimi si katili. Lakini sharti ni sharti. Sasa tutafanya hivi: Mama anarudi kitandani, unamnyanyua mara moja, na huyu Kocha wako anasimama kule mlangoni. Ukiweza, naondoka na gari tupu. Ukishindwa, Wifi yako anaanza kupanga nguo."

"Mama ataanguka," Kocha akasema.

"Mimi nitakuwa karibu, ataniangukia mimi. Wewe nenda mlangoni."

Kaka mwenyewe alimbeba mama yake, akamrudisha ukingoni mwa kitanda. Kocha akaenda mlangoni. Wakili akamsimamia pembeni kama askari magereza.

"Mikono kichwani," akamwambia. "Tuione."

Kocha akaweka mikono kichwani.

Huku nyuma hesabu yake ilikuwa inamchoma. Akisema analolijua, Mama amepona, na Mama mzima ndiye hasa Kaka anayemtaka nyumbani kwake. Akinyamaza, kila kitu kiko kwenye miguu ya bibi mmoja anayetetemeka. Na Mshonaji, aliyevunjwa moyo sasa hivi, anainama kwa mikono isiyojiamini tena.

"Visigino chini," Kocha akasema kwa sauti.

"Usinifundishe," Mshonaji akajibu bila kugeuka.

"Visigino chini. Usiogope. Sukuma sakafu, si lazima uvute. Pole pole."

Alikuwa hamtazami Mshonaji. Mama, juu ya bega la bintiye, akakubali kwa kope.

Mshonaji akashika vishikio. Akavuta pumzi. Wifi akaacha begi likamponyoka. Kaka akasogea hatua moja, mikono tayari.

"Haya, Mama," Mshonaji akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Tukianguka tunaanguka wote."

Akanyanyua.

Mama akapanda.

Akapanda laini kama mara ya kwanza, na katikati ya safari Mshonaji akasimama ghafla. Uso ukabadilika. Mtu aliyedanganywa mara moja ngozi yake inakuwa macho. Alikuwa ameshaambiwa hana nguvu, akakubali, akajiandaa kwa uzito wote wa mama yake, na uzito haukuja.

"Nani kamshika?"

"Hakuna," Kaka akasema.

"Nimeuliza nani kamshika Mama nyuma!"

"Hakuna mtu, mdogo wangu! Endelea!"

"Mnanifanya mimi mtoto?" Mshonaji akasema kwa hasira. "Mwenzenu najua sasa! Najua uzito ulivyo! Kocha, nimesema sitaki kushikiwa! Sitaki kushikiwa tena!"

Akafungua mikono.

Yote miwili. Akairusha pembeni, akageuka kumkabili Kocha, aliyemdhania kuwa nyuma ya Mama.

Nyuma ya Mama kulikuwa na kitanda na ukuta.

Wifi alipiga yowe. Kaka akajirusha mbele kumdaka mama yake, mikono imetandazwa, na mikono ile ikabaki imetandazwa hewani kwa sababu hakukuwa na wa kudaka. Kocha yuko mlangoni, mikono kichwani. Wakili yuko mlangoni, mdomo wazi.

Na Mama amesimama.

Hakuegemea kitanda wala hakushika kiti. Amesimama katikati ya chumba, mkanda wa turubai unaning'inia kiunoni, mabega yamenyooka, kama mtu aliyesubiri foleni muda mrefu na sasa zamu yake imefika.

Kaka alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mungu mkubwa! Mama! Umesimama! Mama amepona!" Akamkumbatia, akacheka, akamwita mkewe aje aone. "Watoto watafurahi hao! Tangu uondoke nyumba ile haijakaa sawa hata siku moja!"

"Hata ngazi zenyewe..." Wifi akaanza, kisha akajiuma ulimi.

Mama akajitoa mikononi mwa mwanawe, taratibu, akampa nafasi ya hatua moja.

"Kwako sirudi," akasema.

"Mama?"

"Nimekulea wewe, nikakulelea na wanao, nikakufulia, nikakusugulia. Hukuniuliza hata siku moja kama nimechoka. Ikabidi nivunjike ndiyo nikae kitako. Nakupenda, mwanangu, na kwako sirudi, nikiwa mgonjwa wala nikiwa mzima."

Kaka alirudi nyuma, akagusa kitu miguuni, akakaa bila kutazama. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Hakuna aliyecheka.

Ushindi, si ndiyo? Mama kasema, Kaka kanyamaza, godoro litarudi tupu. Hata Kocha alishusha mikono kichwani na kushusha pumzi.

Lakini Mshonaji hakuwa amesogea.

Alikuwa anaitazama miguu ya mama yake. Miguu aliyoikanda kwa mafuta kila asubuhi. Aliyoilalia chini pembeni mwa kitanda ili isije ikahitaji kitu usiku akakosa kusikia. Miguu iliyomfanya akatae kazi ya kushona nguo za harusi tatu, na bwana mmoja aliyetaka ya nne iwe harusi yao. Mgongo wake, ambao hakuna aliyewahi kuuulizia, ulikuwa unamuuma hapo alipo.

"Tangu lini, Mama?" akauliza.

Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo kabisa.

"Mwanangu..."

"Nakuuliza tangu lini unasimama."

Na Mama, aliyemjibu mwanawe wa kwanza bila kupepesa, sasa akapepesa. Magoti yakaanza kumcheza, ya kweli safari hii. Akageuza uso, akamtafuta Kocha kule mlangoni, akamnyooshea mkono.

Wakili akamtazama Kocha. Kaka akamtazama Kocha.

Kocha akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo wake, akavifumbata vidole.